Ana miaka 11, kachelewa kumfuata Fu Mingxia?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama, nakaa Katonga hapa Kigoma. Binti yangu ana miaka 11, akitoka shule ni kujirusha tu ziwani kutoka kwenye boti za wavuvi, anapinduka hewani anaingia kichwa. Kaka yake kamwonyesha kwenye simu klipu za yule Mchina, Fu Mingxia, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki akiwa mtoto, sasa binti analia eti ameshachelewa. Ni kweli alikuwa mdogo hivyo? Na huyu wangu nimwache tu aendelee?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa. Fu alizaliwa Wuhan Agosti 1978, akaanzia jimnastiki, ndo baadaye wakamhamishia kwenye kuruka majini wakati hata kuogelea hajui vizuri, akapelekwa Beijing kufanya mazoezi mbali na wazazi wake, na hapo mimi kama mzazi roho inaniuma kweli. Mwaka 1991 kule Perth akawa bingwa wa dunia wa jukwaa la mita 10 akiwa na miaka 12! Baada ya hapo ikawekwa sheria kwamba mshindani lazima awe anatimiza angalau 14 ndani ya mwaka wa mashindano, na yeye Olimpiki ya Barcelona 1992 akapita kwa sababu alikuwa anatimiza mwezi wa nane, dhahabu akaibeba bado ana 13.

Ila mwambie binti asiishie kwenye hiyo klipu. Atlanta 1996 Fu alishinda jukwaa na ubao wa mita 3 vyote viwili, akaacha, akaenda chuo cha Tsinghua kusoma, halafu akarudi na Sydney 2000, mwanamke mzima wa miaka 22, akachukua tena dhahabu ya ubao mbele ya Mchina mwenzake Guo Jingjing, na kwenye kuruka wawili kwa pamoja wakapata medali ya fedha. Mimi hiyo ya Sydney ndo naipenda kuliko zote. Kule juu mita 10 unagonga maji kwa spidi ya kama kilomita 50 kwa saa, viganja na mabega vinaumia, na mwili mdogo unazunguka haraka, ndo maana watoto wanang'ara. Ubao ni kitu kingine, unaukandamiza unakurusha, unataka miguu yenye nguvu na kujua ni sekunde gani uuachie, na hivyo vinakuja na miaka. Kwa hiyo 11 sio kuchelewa jamani.

Kumwacha ajirushe hivyo hivyo kutoka kwenye boti, hapana. Chini ya jukwaa la mita 10 bwawa lina kina cha kama mita 5 na sakafu inajulikana, ila kando ya ziwa kuna mawe, kamba za nanga na vyuma, na shingo ikivunjika ndo basi tena. Kaka yake azame kwanza akague chini, kila siku, maana boti zinahama. Asipokuwepo mkubwa, aruke kwa miguu tu. Kupinduka ajifunzie mchangani. Na akiingia kichwa asichongoe vidole kama mkuki, ashike kiganja kimoja kwa kingine, viwe bapa vimeelekea maji, viwiko vimenyooka, mikono imebana masikio, wanavyofanya mabingwa wenyewe, ndo maana maji hayaruki.