Semina ya Ubelgiji mwezi wa kumi na moja: namjibu mdogo wetu aliyealikwa «Louvain»

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema wewe ni asistanti hapa chuoni Lubumbashi, umealikwa Ubelgiji kwenye semina ya siku kumi kuhusu udongo ulioharibiwa na migodi, mwezi wa kumi na moja, na barua ya mwaliko inataja tu «Louvain». Hujawahi kutoka Afrika. Unauliza habari za visa, baridi, pesa, na namna ya kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye semina. Bayaya, wakubwa zetu walionitangulia kujibu, wamekuambia uchukue koti na usiogope. Sawa, lakini hilo halitoshi. Mimi nimekwenda kule kwa semina mara mbili, 2019 na 2023, na mara ya kwanza niliumia kwa mambo ambayo mtu angeweza kuniambia kwa dakika tano.

Anza na jina la mji, hata kabla ya visa. Louvain ziko mbili. Kuna mji wa kale ambao wenyeji wake wanaongea Kiholanzi na wanauita Leuven. Wafaransa na sisi tuliosoma Kifaransa tunauita Louvain. Chuo chake kilianza 1425. Ugomvi wa lugha ukakipasua mwaka 1968: wa Kiholanzi wakabaki palepale, wa Kifaransa wakajengewa mji mpya mahali palipokuwa mashamba, jiwe la msingi likawekwa 1971. Huo ndio Louvain-la-Neuve. Kwa hiyo vyuo ni viwili, miji ni miwili, na mtu akikuandikia «Louvain» anaweza kumaanisha wowote kati ya hiyo. Leo hii mwandikie aliyekualika, umwombe jina kamili la mji, jina la jengo na mtaa.

Mimi sikuuliza. Nilifika Zaventem, kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, asubuhi ya Jumapili. Nikateremka kwenye kituo cha treni kilicho chini ya uwanja wenyewe, nikaona ubaoni «Leuven», treni inaondoka baada ya dakika chache. Nikapanda kwa furaha. Dakika kama kumi na tano hivi nikawa nimefika. Nikavuta sanduku kwenye mawe ya barabara, mvua ikininyeshea, nikitafuta mtaa ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akingoja basi akaichukua karatasi yangu, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole chini kabisa, penye anwani ya herufi ndogo: «Louvain-la-Neuve». Hakucheka. Alinirudisha mwenyewe hadi kituoni, akaniandikia kwa kalamu majina mawili: Bruxelles, Ottignies. Nilifika mahali pangu jioni, giza limeshaingia, na mwenye kutunza funguo za nyumba ya wageni alikuwa amekwenda zake.

Basi kama semina yako ni Louvain-la-Neuve, shika neno Ottignies. Hapo ndipo mara nyingi unapobadilisha treni. Na ujue kwamba ukiwa upande wa Kiholanzi, ubao na matangazo ya ndani ya treni yanataja miji kwa Kiholanzi peke yake: Liège ni Luik, Namur ni Namen, Mons ni Bergen. Andika majina yote mawili kwenye kikaratasi, ukitie mfukoni. Tiketi nunua kabla ya kupanda. Ukinunua kwa kondakta ndani ya treni unatozwa nyongeza. Ya kwenda na kutoka uwanja wa ndege ina nyongeza yake pia, na usiitupe, kwa sababu kwenye kituo cha uwanja kuna milango inayofunguka kwa tiketi tu.

Sasa visa. Unayoomba ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Tangu mwezi wa sita 2024 ada ni euro 90, na hairudishwi wakikukatalia. Faili unaweza kuiweka miezi sita kabla ya safari. Kwa sheria jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kurefusha hadi 45, kwa hiyo usiiweke wiki tatu kabla. Ulizia kwanza kwa ubalozi wa Ubelgiji faili yako itapokelewa wapi, maana kusafiri hadi Kinshasa ni gharama nyingine. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki na angalau miezi mitatu baada ya tarehe yako ya kutoka kule. Alama za vidole zikishachukuliwa hutumika miezi 59. Mimi nilitoa 2019, na 2023 hawakunisumbua tena.

Mwenye kusoma faili yako ana maswali mawili tu: kweli kuna watu wanaokungoja kule, na kweli utarudi nyumbani? Panga kila karatasi ijibu moja kati ya hayo. Kwa lile la kwanza: barua ya mwaliko yenye tarehe, programu ya semina, na sentensi inayosema waziwazi nani analipa tiketi, nani analipa malazi, nani analipa chakula. Sentensi hiyo ikikosekana, utaulizwa pesa zako mwenyewe, na hesabu niliyopewa mimi ilikuwa euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, 45 kwa anayefikia kwa mtu. Kwa lile la pili: barua ya kazi, ordre de mission (karatasi ya kutumwa kikazi) yenye saini ya mkuu wako, karatasi za mshahara za miezi mitatu, cheti cha ndoa kama umeoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wengi wetu tunajaza faili kwa diploma na picha za makongamano, tunasahau cheti cha mtoto anayesoma shule pale mtaani Katuba. Cheti hicho kina nguvu kuliko diploma.

Bima ya safari ni lazima ifikie euro 30,000 na iwe halali nchi zote za Schengen. Hapa nakuomba usome tarehe kwa macho yako. Wakala aliyeniuzia bima 2019 aliandika ianze Jumatatu, siku semina inapoanza, wakati mimi nilikuwa naingia Jumapili. Siku moja tu! Faili ilirudishwa, nikalipia bima nyingine, nikapoteza siku tisa.

Ukipata visa usidhani kazi imekwisha. Visa inakufikisha mlangoni. Anayefungua mlango ni askari wa mpaka, na ana haki ya kukuuliza yote upya. Mimi karatasi zangu zilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa bado tumboni mwa ndege. Askari akauliza: unakwenda wapi, utalala wapi, tiketi ya kurudi iko wapi, una pesa ngapi? Nikajibu kwa mdomo. Akanionyesha benchi. Nilikaa pale abiria wote wa ndege yetu wakipita, wamama wenye watoto, wazee, mpaka ukumbi ukabaki mtupu, ndipo mwenzake akapiga simu kwa mtu wa semina aliyekuwa bado kitandani. Tafadhali, bahasha moja ya plastiki, ikae kwenye mkoba wa mkononi: mwaliko, anwani ya malazi, tiketi ya kurudi, bima, ordre de mission, namba ya simu ya mtu anayepokea simu Jumapili. Tangu Oktoba 2025 wameanza pia kumpiga picha na kumsajili kwenye kompyuta kila mgeni mpakani badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo kama unaunganisha na ndege nyingine jiachie muda.

Kuhusu ndege, kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, watu wengi hupitia Addis Ababa. Wengine hupanda hadi Kinshasa na kuchukua ya moja kwa moja hadi Brussels. Ukichagua hiyo ya Kinshasa kwa tiketi mbili tofauti, ujue ndege ya ndani ikichelewa hakuna atakayekungoja, na sanduku utalichukua na kulipeleka mwenyewe upya. Mimi nachagua tiketi moja, sanduku liandikwe Brussels tangu Luano. Weka kando pesa ya Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege. Mimi nililipa dola 50. Na karatasi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, isikae mbali na pasipoti. Tangu 2016 chanjo hiyo ni ya maisha, hivyo mtu akikuambia yako ya miaka kumi na miwili iliyopita imekufa, mwambie kwa upole kwamba haijafa.

Chakula cha kupeleka. Najua mama atakufungia vitu. Nyama na maziwa vya aina yoyote haviingii, hata vilivyokaushwa. Samaki wa kukausha anaruhusiwa kwa matumizi yako, kwa hiyo makayabu kidogo hayana shida. Majani mabichi na matunda yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Sombe mbichi, majani ya muhogo, iache nyumbani. Na usihuzunike: kutoka Louvain-la-Neuve ukishuka kituo cha Bruxelles-Luxembourg unatembea kidogo tu unafika Matonge, mtaa wa Wakongo karibu na Porte de Namur, na pale utapata sombe, vinkubala (viwavi vya kula), unga wa bukari (ugali), na watu wa kuongea nao. Hapo pia kuna uwanja uliopewa jina la Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Mimi nilisimama pale kitambo, moyo umejaa.

Baridi. Wewe unajua asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu, tunapotoka na masweta na moshi unatoka mdomoni. Hiyo ndiyo baridi yao ya mwezi wa kumi na moja, tofauti ni kwamba kwetu saa sita jua linakuponya, kwao haliponyi. Inabaki hivyo mchana kutwa, na mvua nyembamba inayoingia shingoni, na upepo. Katikati ya mwezi jua linazama kabla ya saa 17:00. Kitu kinachokulinda ni viatu visivyopitisha maji na koti lisilopitisha upepo. Ndani vaa vitu vyepesi viwili vitatu, kwa sababu kwenye madarasa wanawasha joto mpaka unatoa jasho. Viatu nunua hapahapa Lubumbashi, kwenye mitumba ya soko la mtaa wa Kenya, uvivae wiki mbili kabla, miguu ivizoee.

Saa: mwezi huo wako nyuma yetu kwa saa moja. Na saa ya programu ndiyo saa yenyewe. Wakiandika 9:00, saa 9:00 profesa anaongea. Wakikupa dakika 20 za kueleza kazi yako, ya ishirini na moja mtu anasimama. Fanya mazoezi nyumbani na saa mezani. Mchana wengi wanakula mkate uliotiwa vitu ndani, dakika chache, basi. Wewe uliyezoea bukari kunywa chai nzito asubuhi. Maji ya bomba yananyweka.

Pesa: badilisha dola ziwe euro kidogo, noti ndogondogo, za siku mbili. Tangu 2022 sheria yao inadai kila duka likubali malipo ya kielektroniki, kwa hiyo kama benki yako hapa inakupa kadi inayofanya kazi nje, ijaribu kabla hujaondoka. Laini ya simu ya kule haiuzwi bila kuonyesha kitambulisho, nenda na pasipoti. Dharura ni 112.

Jambo moja ambalo sikuliona kwenye majibu ya wengine: ukilala hotelini hoteli inashughulika yenyewe, lakini ukifikia kwa ndugu au rafiki, unatakiwa ujiandikishe kwenye ofisi ya commune (manispaa) ndani ya siku tatu za kazi tangu uingie. Ni bure au karibu na bure, wanakupa karatasi. Iweke kwenye ile bahasha. Na ukirudi tunza vipande vya tiketi ya ndege na muhuri au uthibitisho wowote wa kutoka. Mimi 2023 niliombwa kuonyesha kwamba 2019 nilirudi kwa tarehe, na vile vipande viwili vilivyochakaa ndivyo vilivyojibu.

Koti langu la 2019 bado ninalo, la kijivu, lenye kofia, zipu nzima. Kama urefu wako ni wa kawaida litakutosha. Niandikie kwa ujumbe wa ndani, uje ulijaribu nyumbani Katuba Jumamosi, na barua ya mwaliko ulete tuisome pamoja hadi anwani ya chini kabisa.