VAT ya Biriani: Kabla Hujataja Bei ya Shughuli

Anayepika shughuli hapa Unguja anajua: chumvi ikizidi watu husamehe, bei ikizidi utasikia maneno mpaka mfungo unaofuata. Nina mkahawa mdogo Mjini, na pembeni napika harusi, maulidi na chakula cha semina. Nimesajiliwa VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwetu Zanzibar kiwango ni asilimia 15 na inakwenda ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18 na inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa hivyo usichukue karatasi ya hesabu ya rafiki yako wa Dar es Salaam ukaijaza majina ya wateja wako.

Swali la mwanzo kwa mteja yeyote: bei niliyokutajia ina VAT ndani au bado? Hili liandikwe kwenye profoma, ile ankara ya makadirio ya kabla ya kazi, lisibaki mdomoni. Chukua biriani ya watu 200, sahani shilingi 12,000. Hiyo ni 2,400,000. Ikiwa kodi bado, unaongeza 360,000 na mteja analipa 2,760,000. Ikiwa mlikubaliana 2,400,000 kila kitu ndani, kodi iliyomo ni 313,043 na chako ni 2,086,957. Wengi hapa hukata asilimia 15 ya 2,400,000 nzima, wakapeleka 360,000. Hiyo ni karibu elfu 47 unajitoa bure. Njia ya haraka: bei yenye kodi ndani igawe kwa 23, kisha zidisha kwa 3. Hata simu ya batani inatosha.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wateja hulibishia zaidi. Juzijuzi nilikaa barazani na ami yake bibi harusi, mzee wa biashara, kikokotoo mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, nyama nimeinunua Darajani miaka yote, sijawahi kutozwa VAT. Wewe umeitoa wapi?" Swali lake ni la haki. Vyakula visivyosindikwa, kama nyama mbichi, samaki na mboga, vimesamehewa kodi hiyo. Lakini mimi simuuzii nyama mbichi. Namuuzia sahani iliyopikwa, ikapakuliwa, ikafikishwa mbele ya mgeni, na hiyo ni huduma inayotozwa kwa thamani yake yote, nyama ikiwemo. Na kwa kuwa sokoni sikutozwa kodi, sina cha kukata kwenye VAT ninayodaiwa ninapojaza ritani, yaani fomu ya kodi ya kila mwezi. Ninachoweza kukata ni VAT niliyolipa kwenye vitu kama soda, maji ya chupa na sahani za karatasi, tena niwe na risiti ya kodi yenye jina langu.

Nikamwambia, "Shikamoo yako ami, basi tupike kizamani." Kizamani kwetu ni hivi: wenye shughuli wananunua wenyewe mchele, mbuzi na samli, mpishi anakuja na sufuria zake na vijana wake, analipwa ujira. Hapo chakula ni chao, mimi nauza kazi tu, na VAT inakaa juu ya ujira peke yake. Wala si ujanja, ndivyo shughuli zilivyopikwa kabla sisi hatujaanza kujiita watoa huduma. Ila iwe kweli: risiti za mchele na nyama ziwe zao, pesa zitoke mikononi mwao. Ukinunua wewe kisha ukaandika "ujira" kwenye ankara, umejitafutia mkaguzi. Mzee alipiga hesabu, akaangalia nani atakwenda kuchagua mbuzi alfajiri, akarudi kwenye bei ya sahani.

Viti na turubai vina mantiki hiyohiyo. Mwenye viti akilipwa na mteja moja kwa moja, hayakuhusu. Ukivikodi wewe na kuviweka kwenye ankara yako, vimekuwa sehemu ya mauzo yako na vinatozwa pamoja na pilau. Usafiri na wahudumu vivyo hivyo. Mkahawani, ile asilimia ya huduma unayoilazimisha kwenye bili nayo inatozwa. Bakshishi anayoacha mgeni kwa hiari yake ni ya mhudumu.

Kama hujasajiliwa VAT, usiiandike kwenye bili hata kwa bahati mbaya. Kutoza kodi ambayo huna ruhusa ya kuitoza ni kosa. Hata hivyo hujasalimika, kwani mikahawa isiyosajiliwa VAT ina ushuru wake chini ya Sheria ya Ushuru wa Hoteli ya mwaka 1995. Waulize ZRA wewe uko fungu gani kabla hujachapisha menyu. Na taasisi ikikukata zuio la kodi ya mapato, yaani ikabakiza sehemu ya malipo ya semina kwa ajili ya kodi hiyo, hilo linakwenda TRA. Usilitoe kwenye VAT unayodaiwa.

La mwisho ni arubuni, na huku ndiko wapishi wengi wanakobanwa. Shaaban nzima watu wanaweka arubuni za harusi za Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Ukipokea 1,000,000 leo, kodi ya sehemu hiyo inahesabiwa mwezi huu uliopokea pesa, biriani iwe bado mwezi mzima na zaidi. Toa risiti ya kielektroniki kwenye VFMS, mfumo wa ZRA wa risiti, siku hiyohiyo, na kodi yake iweke kando, usiinunulie gesi. Harusi ikivunjika ukamrejeshea mteja pesa zake, risiti ile usiitupe wala usijifanye haikuwahi kutoka. Mwandikie hati ya kupunguza ankara inayotaja namba ya risiti ya mwanzo, umpe nakala, na rekebisho hilo uliingize kwenye ritani ya mwezi uliorejesha.