Usimuulize "Umekula?": kwa wanaoanza kazi ya usingizi Mtwara

Wadogo zangu mnaoripoti kazini huku Kusini, karibuni. Chuoni mmefundishwa kwamba kabla ya nusukaputi mgonjwa akae saa 6 bila chakula, na maji matupu yaishie saa 2 kabla. Namna ya kuuliza hamkufundishwa.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa mzee wa ngiri kutoka Tandahimba. "Baba, umekula?" "Sijala." Hakudanganya. Alfajiri alimaliza bakuli zima la uji, na uji hauliwi, unanywewa. Nilipomchoma dawa ukapanda wote, mwingine ukaingia njia ya hewa. Tukamlaza ubavu, tukashusha kichwa cha kitanda, tukavuta kwa mashine. Alipona, lakini homa ya mapafu ilimweka wodini siku nyingi na ngiri yake ikabaki palepale.

Tangu hapo nauliza hivi: "Toka jana usiku, nini kimepita kooni, na saa ngapi?" Halafu nanyamaza, nampa nafasi. Nataja uji, maziwa, embe, na msimu wa korosho nataja uraka, pombe ya mabibo, bila haya. Kama wanawe wamesimama pale, nawaomba watoke kwanza. "Nimekunywa chai tu" nayo ni mtego, maana chai ya huku huja na mihogo.

Jina pia msimtajie. Ukisema "Wewe ndiye Somoe?" mwenye hofu ataitikia hata kama siye, na wodi moja inaweza kuwa na akina Somoe watatu. Ajitaje mwenyewe, amtaje baba yake, aonyeshe kwa kidole panapopasuliwa. Mwaka 2007, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana meza: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka. Kuijaza baadaye ukiwa na kikombe mkononi ni kusaini uongo.

Fomu ya ridhaa: huku mjomba ana sauti kubwa. Mpeni kiti, mwelezeni, lakini mgonjwa akiwa mtu mzima mwenye fahamu, dole gumba ni lake.

Turudi kwa yule mzee. Mwanawe, mwalimu, alikuja kuniuliza ilikuwa saa ngapi na nilifanya nini. Kwenye faili nilikuwa nimeandika neno moja: "alitapika". Nikakosa jibu, na haki ya kuuliza alikuwa nayo. Angeweza kwenda kwa mganga mfawidhi, au Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa muuguzi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Fidia hudaiwa mahakamani: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali hutangulia notisi ya siku 90. Ndugu wakiwauliza njia hizi, waelezeni. Kuwaficha hakumlindi yeyote.

Lakini mdai haonyeshi tu kwamba aliumia. Lazima aonyeshe kuwa ulifanya chini ya kiwango cha mtaalamu wa kawaida, na hilo ndilo lililomuumiza. Presha kushuka baada ya sindano ya mgongo hutokea hata kwa mikono mizuri. Ikishuka wewe uko koridoni unaongea na simu, hapo ndipo kesi ilipo.

Ushahidi wenu, na wa mdai, ni ile karatasi ya usingizi: presha na mapigo kila dakika 5, palepale, si kwa kukumbuka jioni. Kalamu yangu nimeifunga kwa uzi kwenye mashine. Thieta kalamu hupotea kuliko mikasi.