Maswali ya Wasomaji: Glutameti, Pampu na Dozi ya Uabaini

SWALI: Tunakuza astrosaiti (seli zinazosaidia niuroni) za ubongo wa panya, tukipima rubidiamu-86, yenye mnururisho, inayoingia kwenye seli badala ya potasiamu. Glutameti, kemikali ya kupashana habari kati ya niuroni, ya mikromola 200 huipandisha vizuri, ila uabaini, dawa ya kuzima pampu, ya mikromola 100 huishusha kidogo tu. Je, pampu ya sodiamu na potasiamu, inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, haihusiki?

JIBU: Inahusika, dozi ndiyo ndogo. Pampu ya panya aina ya alfa 1 ni sugu kwa uabaini. Mikromola 100 huizima aina nyingine, alfa 2, lakini sehemu kubwa ya alfa 1 huendelea kufanya kazi. Wekeni milimola 1, dakika 10 kabla ya rubidiamu. Seli za binadamu huhitaji kidogo mno kuliko hapo. Msizidishe muda, kwani pampu ikizimwa sodiamu hujaa ndani ya seli na kisafirishi cha glutameti nacho hukwama.

Rubidiamu hupita pia kwenye kisafirishi cha NKCC1 (huingiza sodiamu, potasiamu na kloridi pamoja), ambacho ni kingi katika astrosaiti za maabara. Ongezeni bumetanidi, kizuizi cha NKCC1, ya mikromola 10 kwenye visima vingine vya sahani ya seli, muone kilichobaki.

Kisha thibitisheni kinachoiamsha pampu. Kila glutameti huingia na sodiamu 3 na protoni 1, potasiamu 1 ikitoka. Sodiamu hiyo ndiyo inayoisukuma pampu. Basi D-aspateti, inayobebwa na kisafirishi hicho bila kuamsha vipokezi vya glutameti vya AMPA, ifanye kazi ileile. TBOA, kizuizi cha visafirishi vya glutameti, ya mikromola 100 ifute ongezeko, na NBQX, kizuizi cha vipokezi vya AMPA, isilibadili. Jaribio hili lisirukwe hata kidogo.

Glutameti iliyo katika hali ya asidi isawazishwe hadi pH 7.4 kwanza. Pimeni dakika 1, 2, 5 na 10, mtumie sehemu ambayo grafu bado imenyooka. Kioevu cha kuoshea kiwe baridi ya barafu, na kimiminwe ukutani mwa kisima: kikianguka juu ya seli zitabanduka. Gawanyeni hesabu kwa protini ya kisima chenyewe. Nusu-uhai ya rubidiamu-86 ni siku 18.6, kwa hiyo matokeo ya wiki tofauti yarekebishwe.

SWALI: Dihaidrokaineti haizuii chochote kwenye seli hizo. Imeharibika?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Huzuia GLT-1, aina moja ya kisafirishi cha glutameti, ilhali astrosaiti zilizokuzwa peke yake hutegemea zaidi aina nyingine, GLAST. Zikuzeni pamoja na niuroni, au ongezeni dibutiril-AMP ya mzunguko, milimola 0.25, kwa siku 7 hadi 10, ili zitengeneze GLT-1, ndipo mjaribu tena.