Maswali na majibu: kabla hujaongeza RAM

*Shikamoo fundi. VPS yangu (seva ya kukodi) ni ya GB 2, lakini amri ya free inaonyesha zimebaki MB 90 tu. Niongeze RAM? (Uyole, Mbeya)*

Marahaba. Usiongeze. Soma safu ya available, siyo ya free. Linux huchukua RAM isiyo na kazi ikatunza mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikihitaji huiachia. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka.

*Tunauza mbegu za viazi mtandaoni. Msimu wa kupanda ukifika, MySQL, hifadhidata yetu ya oda, inajizima usiku. Aliyetukodisha seva, ya GB 2, anasema tununue kifurushi kikubwa. (Njombe)*

Lazima aseme hivyo, ndiyo biashara yake. MySQL haijizimi, inauawa. RAM ikiisha, kerneli, yaani kiini cha Linux, huchagua programu ya kuua, na kwa kawaida humwangukia anayekula nyingi kuliko wote. Andika journalctl -k utamkuta kwa jina. Ila aliyeuawa si lazima awe ndiye mkosaji. Kagua PHP-FPM, inayoendesha kurasa za tovuti: nina hakika pm.max_children, idadi ya juu ya michakato yake, mmenakili mahali, 50 au zaidi. Kama kila mchakato unakula MB 60, hiyo ni GB 3 ndani ya seva ya GB 2! Pigeni hesabu: kwenye MB 2048 za seva toa MB 400 za mfumo, MB 500 za MySQL, kinachobaki gawanya kwa 60. Inakuja 19, wekeni 15.

Kisha fungueni systemctl edit ya huduma ya PHP, chini ya [Service] muandike MemoryHigh=1000M, MemoryMax=1150M na Restart=on-failure. Ya kwanza inaipunguza kasi ikivuka, ya pili inaiua, ya tatu inaiwasha tena. Siku wateja wakifurika, PHP itaanguka na kuinuka yenyewe, oda zilizomo kwenye MySQL ziko salama. Swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 1 si mbaya, ila wanaoweka GB 8 wanajinunulia seva inayotambaa.

*Seva yangu ni nzito. Nifanyeje? (Iringa)*

Nzito kivipi? Leta namba.

*Nina kore 4. Niliweka CPUQuota=50%, kikomo cha prosesa, kwenye kazi ya kupunguza picha, sasa haiishi. (Mafinga)*

Umeipa nusu ya kore moja. Hesabu yake ni kwa kore: mbili ni 200%. Mimi kwa kazi za usiku natumia CPUWeight=20, yaani kipaumbele cha chini, wakati kawaida ni 100; prosesa ikiwa huru kazi inaichukua yote, wengine wakiitaka inawapisha.

*Ndaga fundi. Kwenye top, amri ya kuangalia matumizi ya seva, st inasoma 30 wakati programu zangu zimetulia. Nibane ipi? (Tukuyu)*

Usibane hata moja. st ni muda ambao seva yako ilitaka prosesa ikanyimwa na mashine mama, mara nyingi kwa sababu imejazwa wapangaji kupita uwezo wake. Piga picha ya skrini kwa siku kadhaa, saa tofauti, umpelekee aliyekukodisha akuhamishie mashine nyingine. Akikuambia upande kifurushi palepale, chukua bakapu yako uhame.