Shemeji anaganda nyuma ya gari za watu, nimwambieje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Kila asubuhi napata lifti kwa shemeji yangu, mume wa dada. Ni dereva wa siku nyingi na sijawahi kusikia kagonga, ila ana tabia moja inanimaliza, anaganda nyuma ya gari ya mbele mpaka mi nasoma stika ndogo kwenye kioo cha watu, na asipopishwa anawasha fulu. Nikigusia anacheka, "shem, breki ziko fresh." Nimwambieje bila kumuudhi, lifti yenyewe ya bure?

JIBU: Breki zinaweza kuwa fresh kweli, tabu ni kwamba zinasubiri mguu. Kwenye spidi 80 gari inakata mita 22 kila sekunde, na mpaka dereva aone taa nyekundu za breki za gari ya mbele, ashtuke, atoe mguu kwenye mafuta aupeleke kwenye breki, sekunde nzima imeshaondoka, na hapo ni mtu aliyekuwa anaangalia mbele sio anachungulia simu. Kwa hiyo hata gari zote mbili zikiwa na breki sawasawa, mwenzenu kashaanza kufunga nyie bado mnakuja na moto ule ule, mtamkuta tu. Hiyo ya kutogonga miaka yote mi naona ni wa mbele yake ndo hawajafunga ghafla. Na nyuma ya lori ndo balaa zaidi, kama huoni vioo vyake vya pembeni jua na yeye hakuoni, na shimo alilolipitisha katikati ya matairi we unalikuta limeshafika.

Sasa usimhubirie akiwa kwenye usukani. Lete utani, si shemeji yako bwana! Mwambie achague nguzo, gari ya mbele ikiipita ahesabu taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili", akiifikia nguzo kabla hajamaliza basi yuko karibu mno. Mvua ikinyesha afike hadi nne. Atakwambia akiacha nafasi watu wanachomekea, sawa wachomekee, anaachia mafuta kidogo nafasi inarudi, hapo kapoteza sekunde chache tu.

Akigoma mpitishie dada. Na we ukikaa siti ya nyuma funga mkanda, maana gari ikisimama ghafla wa nyuma asiyefunga ndo anaenda kumponda aliyekaa mbele yake.