Wifi anataka kopo la babu ling'ae

SWALI: Anti shikamoo. Mi Mtanzania nimeolewa huku Pennsylvania, Marekani, juzi mama mkwe kanipa kopo la aluminiamu alilokuwa anabebea msosi babu yake, mzee alitoka sehemu ambayo leo ni Slovakia akaja kuchimba makaa ya mawe Scranton. La duara, lina ngazi tatu, limebonyea na mfuniko umekwaruzwa namba. Wifi anataka nilisugue ling'ae tutie maua sebuleni, halafu kanuna kwanini nimepewa mimi. Na je, naweza kubebea wali? Nafanya kazi ghalani na hotipoti yangu imepasuka.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilisugue, na wifi mwambie nimekataa mimi. Hiyo namba hasa usiiguse, maana wachimbaji wa kule kila mtu alikuwa na namba yake, anatundika kibati chenye namba kwenye toroli lake la makaa ili likifika juu ahesabiwe yeye na sio jirani, kwahiyo inawezekana kabisa ndo hiyo na ukipitisha waya wa sufuria imekwenda. Zile ngazi, chini lilikaa maji au chai, katikati mkate na nyama, juu kitu kitamu kama kipo, kule chini hakuna mama ntilie wala bomba, mtu anashuka na maji yake ya kutwa. Mfuniko unabana hivyo sababu ya vumbi na panya, panya wa machimboni walikuwa hawana adabu kabisa.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kausha, basi. Magadi hapana, mashine ya vyombo hapana, aluminiamu inapiga weusi. Maua ya maji pia hapana. Wali nao acha, ukitia nyanya au ndimu inakula bati, na makopo ya zamani mengine yameungwa kwa risasi, ile metali yenye sumu, nunua hotipoti nyingine bwana.

Wifi mpeleke makumbusho ya makaa ya mawe, Pennsylvania Anthracite Heritage Museum, ipo hapohapo Scranton, akaone maisha ya wachimbaji. Mama mkwe naye aandike jina la babu na kijiji alichotoka, karatasi ikae ndani ya kopo. Kwanini kakupa wewe? Mi nahisi anakuona unavyotoka alfajiri na chakula mkononi, ila nahisi tu, muulize mwenyewe, wifi akiwa hayupo.